Matundu Chini ya Gari la Mzee Usiguse

Mtaa mzima ulimwita Mzee Usiguse, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Mtoto akipita karibu na gari lake, "Usiguse!" Mgeni akitaka kuegemea boneti apumue kidogo, "Usiguse!" Lilikuwa gari la kizamani, jeusi, taa za mviringo, alilopewa na bosi wake, baada ya kuwa dereva wake ujana wote. Kila asubuhi aliliosha kwa mpira wa maji, akalifuta kwa kitambaa laini, kisha akalizunguka kulikagua. Mkewe alimtazama dirishani na kusema, "Miaka yote hii, mimi hata mgongo hujanisugua hivyo."

Sasa gari lilikuwa gereji, limeinuliwa juu ya magogo, tumbo nje, na mwenyewe amekalia debe la rangi lililopinduliwa, roho juu. Kutu ilikuwa imekula ule mhimili wa bati unaopita chini ya milango, unaobeba gari zima. Na wa kulaumiwa alishapatikana zamani: mkwewe, fundi bomba, mume wa binti yake wa pekee.

Ilikuwa siku wageni walipokuja kumwona mjukuu. Tairi lilikutwa halina upepo, kijana akajitolea kulibadilisha. Akaweka jeki pale pale panapowekwa jeki. Jeki, badala ya kuinua gari, ikatoboa bati ikazama ndani. Weee! Mzee alipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. "Umeniulia gari! Una mikono ya kubomoa wewe! Sijui binti yangu alikuona nini!" Mbele za wageni hao, mbele ya mkewe, na mtoto mchanga kashtuka analia. Kijana alisema tu, "Nisamehe, baba," akanawa mikono, akachukua familia yake wakaondoka. Tangu hapo binti akipiga simu anataka kuongea na mama. Mjukuu kaota meno, babu kasimuliwa.

Fundi wa kuchomelea, mtu mwenye mdomo usiojua kupumzika, aliwasha grinda akaanza kukata bati lililooza. Maji meusi yakamwagika, yananuka kama mtaro. Akaruka nyuma.

"Mzee, hili ni gari au kisima?"

Akachukua bisibisi, akachokonoa upande wa chini. Kikadondoka kibonge cha puti kavu ya kuzibia nyufa. Kingine. Na kingine.

"Ona maajabu! Haya matundu gari limetoka nayo kiwandani, ni ya kutolea maji. Ukiosha gari, maji yanapenya milangoni, yanatokea hapa chini. Sasa kuna mjinga kayaziba yote. Maji yamelala humo miaka, yanatafuna bati taratibu. Ni mjinga gani huyu?"

Mzee alikitazama kile kibonge, akakijua. Zamani gari likishaoshwa lilikuwa likidondosha matone ya kahawia, yanachafua sakafu ya kibarazani aliyotoka kuipiga deki. Ikamkera. Akanunua kopo la puti, akalala chali, akaziba tundu moja baada ya jingine, akapitisha rangi nyeusi juu yake, akatoka chini anajisifu. Kumbe mkwe hakuua gari. Jeki yake ilikuta maiti.

Hapo ndipo angesema. Lakini mdomo ulipofunguka ukatoa mengine. "Ni mkwe wangu huyo. Hatulii, anapenda kushikashika vitu."

Jamani! Mtu mzima, kichwa kimejaa mvi! Fundi alicheka akashika mbavu, akaita wenzake waje wasikie habari za mkwe. Mzee naye akacheka, kicheko cha meno matupu, masikio yanamwaka moto. Aliona aibu hata kumeza mate.

Basi kabla kicheko hakijaisha, nani anaingia getini? Mkwe mwenyewe, kavaa nguo za kazi.

"Shikamoo, baba. Mama kaniambia gari limefunguliwa. Nikaona nije niwashikie."

"Marahaba." Ilitoka kwa tabu.

"Ahaa, bwana puti ndiye wewe!" Fundi akamsogezea kibonge usoni. "Mzee katueleza. Fundi bomba mzima unaziba njia ya maji?"

Kijana alikiangalia kibonge. Akamwangalia mzee. Mzee akainama, akaanza kufuta kiatu ambacho hakikuwa na vumbi.

"Ni mimi, fundi," kijana akasema. "Sikujua." Akavua saa, akajitandikia boksi chini, akaingia chini ya gari kushikilia bati jipya.

Mzee Usiguse alitamani ardhi ipasuke immeze. Kama kijana angebisha, angalau wangegombana. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Mwishowe akapiga magoti na shati lake lililopigwa pasi, akajiburuta mpaka chini ya gari, akalala chali kando ya mkwewe, kutu ikimdondokea usoni.

"Mwanangu," alinong'ona, "aliyeziba ni mimi."

"Najua, baba."

"Unajua?"

"Siku nilipokuja kujitambulisha kwenu, nilikukuta chini ya gari hili hili, umeshika kopo la puti. Ulinipa mkono umejaa puti."

"Sasa kwa nini hukunikataza?"

"Baba, nimekuja kuomba binti, nianze na kukukosoa?"

"Na siku ile ya jeki? Nimekutukana vile, umenyamaza?"

"Ningesemaje mbele za wageni? Shika hapa, baba, bati lisituangukie."

Mzee alishika, machozi yanashuka kuelekea masikioni. Walipokaza klempu ya mwisho ya kulibana bati alijiburuta akatoka, shati limeharibika, akasimama mbele ya fundi na wenzake wote.

"Fundi, yule mjinga wako nimemleta. Ni mimi niliyeziba, halafu nikamsingizia mtoto wa watu."

Fundi, na mdomo wake wote ule, akatazama chini.

"Sasa mbona hucheki?" Mzee alisema. "Yeye si mlimcheka? Nichekeni na mimi."