Njia Aliyoijua Sidai

Mwezi uliopita nilipanda tena kule juu ya Olmotonyi, mahali palipokuwa kwetu. Mjukuu wangu alinishika mkono, maana miguu yangu siiamini tena. Migomba haipo. Imepandwa misonobari, mistari imenyooka kama ya daftari, na chini yake hakuna kinachoota. Nilichokitambua ni mfereji tu. Bado unapinda pale pale penye jiwe jeusi, na maji yake bado ni ya baridi ya kuuma meno, kama ningekuwa na meno. Nikakaa juu ya lile jiwe, rafiki yangu, nikamkumbuka mbwa wetu.

Aliitwa Sidai. Kwa lugha yetu maana yake ni mzuri, ingawa hakuwa mzuri hata siku moja. Alikuwa na rangi ya majivu, na sikio lake moja lilichanwa na nyani angali mdogo. Baba alimleta ndani ya shuka lake kutoka kwa mrina asali wa msituni, enzi hizo Wadachi, yaani Wajerumani, wakijenga boma lao mjini na baba zetu wakiitwa kwenda kubeba mawe. Kwetu, mbwa mchanga akiletwa nyumbani, mtoto anayepewa kumlea humtafunia chakula na kumtemea mdomoni, ili ajue mate ya bwana wake. Baba alimpa mdogo wangu wa kiume. Mimi niliona kinyaa nikageuka. Mdogo wangu alitafuna ndizi ya kuchoma, akapiga magoti, akamlisha polepole. Yeyo, mama yetu, alicheka hadi akaegemea ukuta.

Nakikumbuka kicheko kile kwa kuwa sikukisikia mara nyingi baadaye. Baba alirudi kutoka kwenye mawe na kikohozi, na masika hayakuisha kabla hatujamzika. Yeyo alimfuata baada ya mavuno mawili. Tukabaki watatu: mimi mkubwa, mdogo wangu, na kitinda mimba wetu wa kike, ambaye alikuwa bado wa kubebwa mgongoni.

Nilikuwa nasoma shule ya misheni. Niliacha siku ile ile. Mwalimu alipanda mlima kunifuata, viatu vyake vimejaa tope, akaniambia mwandiko wangu ni mzuri, nisiuache. Nikamwuliza, "Mwalimu, nikija shule, ng'ombe atakatiwa majani na nani?" Akaniachia kibao chake cha kuandikia, akashuka.

Kisha akaja baba mkubwa, kutugawa. Mvulana angekwenda kwake kuchunga, mtoto apelekwe kwa shangazi, mimi nisubiri mchumba. Mama yake, bibi yetu tuliyemwita koko, aliyekaa kibanda cha jirani, akamzuia langoni.

"Moto unawaka," alisema koko. "Ng'ombe anakamuliwa. Langoni kuna mbwa. Unataka kuvunja nyumba iliyo hai?"

"Mama, tangu lini mbwa akahesabiwa?"

"Haya, ingia."

Akaingia. Sidai hakubweka hata kidogo. Alilidaka shuka la baba mkubwa kwa nyuma, akalivuta likaachia lote, na mzee wa watu akabaki anajifunika kwa mikono miwili asijue aanzie mbele au nyuma.

"Umehesabu?" koko akamwuliza.

Hakurudi kwa miaka mingi. Nilijiapia siku hiyo kwamba sisi watatu tutalala chini ya paa moja mpaka kila mmoja aondoke kwa hiari yake, na niliishika ahadi hiyo kama mtu anavyoshika kamba ya ng'ombe mkali. Niliamka kabla ya ndege, nikakata majani, nikachota maji mferejini, nikafukiza vibuyu vya maziwa. Harufu ya moshi ule na loshoro, mahindi ya kuchemsha yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, ndiyo harufu ya utoto wangu. Mdogo wangu na Sidai walilinda mahindi dhidi ya nyani na nguruwe. Nilikuwa nawasikia kutoka jikoni, mmoja anapiga kelele, mwingine anaitikia.

Mbwa wengi wa kule waliliwa na chui au walikufa kwa kupe. Sidai alizeeka. Koko alikufa, ng'ombe wa kwanza akafa, yeye yupo. Meno yake yaling'oka moja moja, na mdogo wangu, sasa kijana mwenye sauti nzito, akaanza tena kumtafunia. Kila alasiri, chungu kikiepuliwa, walikuwa wakikaa uwanjani, wawili hao. Kitinda mimba alikuwa akiwatania: "Kaka, utaoa lini? Au mke wako ndiye huyo?"

Halafu vita vikaja, vya Wadachi na Waingereza. Askari walipita kijiji hadi kijiji wakikamata vijana wa kubeba mizigo ya jeshi, na wengi waliokwenda hawakuwa wakirudi. Nilimficha mdogo wangu juu ya mfereji, ndani ya uwazi wa mti mkubwa wa mringaringa ulioliwa na moto. Kila alasiri nilimpelekea bakuli la chakula.

Kosa langu lilianzia hapo. Sidai aligoma kula. Nilimpondea ndizi, nikamtafunia mwenyewe, pamoja na kinyaa changu chote, akageuza uso. Siku ya nne mbavu zake zilihesabika. Nikamhurumia. Nikampeleka kwa mdogo wangu, akala, akalamba mkono, na tangu hapo tukawa tunakwenda pamoja, yeye mbele, mimi na bakuli nyuma. Kila penye kona alisimama kunisubiri.

Walikuja alasiri, askari wawili na jumbe wetu.

"Mdogo wako yuko wapi?" jumbe aliuliza.

"Shikamoo, mzee. Amekwenda Moshi."

"Moshi!" Akacheka. "Vijana wote wa mlima huu wako Moshi. Sijui wanalala wapi huko."

Askari walichomachoma nyasi za paa kwa singe za bunduki, wakamwaga mahindi ya kihenge. Hawakupata kitu. Walikuwa wanageuka kuondoka. Nami, kwa mazoea ya mikono tu, nikaepua chungu kisiungue.

Sidai aliinuka. Alinyoosha miguu yake ya uzee, akatoka langoni, akashika njia ya mfereji. Penye jiwe jeusi akasimama, akageuka, akaniangalia.

"Mbwa wenu anamsubiri nani?" jumbe akauliza.

Sikumwita, kwa kuwa kumwita kungekuwa kukiri. Sikuokota jiwe la kumtupia arudi. Nilisimama na chungu mkononi, na sidhani kama siku imepita tangu hapo bila mimi kuliokota jiwe lile moyoni. Walimfuata taratibu, hawakuwa na haraka. Niliambiwa baadaye kwamba mdogo wangu aliposikia kucha juu ya majani makavu alitoa mkono nje ya mti, kiganja kikiwa wazi.

Walimpitisha nyumbani amefungwa kamba. Alisema neno moja tu: "Dada, usimpige."

Sikumpiga. Nilimtafunia chakula, na safari hii akakipokea, bila kuniangalia. Alilala penye jiwe jeusi kila alasiri mpaka mvua zilipoanza, na asubuhi moja nilimkuta hapo amekauka. Mdogo wangu hakurudi. Mwenzake mmoja aliyerudi alisema alimwacha kando ya njia, kusini, na homa. Kisha baba mkubwa akaja kumchukua kitinda mimba. Alisita langoni, akaangalia huku na huku, akaingia. Hakuna aliyemzuia.

Siku hiyo ya mwezi uliopita, nikiwa juu ya jiwe, jua lilikuwa linashuka, na chini huko watu walikuwa wanapika. Moshi ulitufikia kati ya misonobari. Mjukuu wangu alisema twende, ndizi zangu atazipondaponda nyumbani, kama anavyofanya kila siku. Tukaanza kushuka, mimi mbele na fimbo yangu, yeye nyuma amebeba kapu letu. Penye kona nilijikuta nimesimama, nimegeuka, naangalia juu.

"Koko," akaniuliza, "unamsubiri nani?"