Herufi Moja Tu

Yule mfanyabiashara wa Mbarara sijamsamehe. Mimi na dada yangu tulishona nguo za kitenge katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, tukaziuza kwa tovuti yetu. Tulishauriwa tusajili pia majina yanayofanana na la tovuti hiyo, tukapuuza. Yeye akasajili jina letu kwa kuongeza herufi moja tu, akaweka picha zetu, akawauzia wateja wetu nguo zake. Picha mojawapo ilikuwa ya mama!

Nikamfuata dukani. "Toa picha ya mama yangu!"

"Jina ni la aliyelisajili, dada," akajibu bila kuinua macho.

Nilipiga kelele mpaka watu wakajaa mlangoni. Picha akaitoa, jina akakataa kuliachia. Kesho yake tulisajili majina yote yaliyobaki yanayofanana na letu, huku nikilia kwa hasira.