Valizi ya Koko Iliyokwenda Ubelgiji

Juzi kazini mwenzangu mmoja, anayekwenda Ulaya kwa mara ya kwanza, aliniuliza abebe nini. Nikajikuta namwaga maneno kama maji. Nguo usizikunje, ziviringishe, zitakula nafasi kidogo. Tafuta kichwa cha chaja chenye meno mawili ya duara, maana hizi zetu haziingii kwenye kuta zao. Weka sarafu mfukoni, vyoo vya stesheni ni vya kulipia. Akacheka, akasema kumbe nimezunguka dunia. Nikamwambia nimekwenda mara moja tu, nikiwa shule ya msingi, na sina hamu ya kurudi. Alidhani natania. Wewe nisikilize mpaka mwisho ndipo useme.

Wakati ule tulikaa Okolona, kusini mwa Louisville, kwenye nyumba za kupanga zilizojaa Wakongo wenzetu. Mama alifanya kazi ghalani, akiondoka kabla sijaamka, kwa hiyo mimi nililelewa na nyanya yangu, mama yake mama, tuliyemwita Koko. Ninapoikumbuka nyumba ile nasikia kwanza mchi. Koko alitwanga sombe, majani ya muhogo, kwenye balkoni, na jirani wa chini, mzee Mmarekani, alikuwa akigonga dari yake kwa mpini wa ufagio. Koko aliongeza nguvu. "Anatusalimia," alisema, nami nilicheka mpaka tumbo likauma.

Kila Jumapili baada ya kanisa Koko alipiga simu Ubelgiji, kwa binti yake wa kwanza, yule niliyefundishwa kumwita mama mkubwa. Walipotezana wakati wa vita, familia ilipokimbia Uvira kwa mitumbwi kuvuka ziwa kwenda Tanzania. Masista walimwokota, wakamsomesha, na mwishowe akafika Ulaya. Sisi tulipitia kambini, kisha Amerika. Miaka mingi baadaye mtu wa kanisani aliipata namba yake. Simu zile zilikuwa fupi. Koko alisema sana, upande wa pili ulisema kidogo, na Koko akikata simu alitabasamu kana kwamba amepewa zawadi.

Alipopata paspoti ya Amerika, neno lake la kwanza lilikuwa kwamba anakwenda kumwona mtoto wake. Mimi ningefuatana naye likizo ya masika, niwe mdomo wake wa Kiingereza njiani. Tikiti za kutokea Toronto zilikuwa nafuu, na mjomba wangu aliyekaa North Buffalo alijitolea kutuvusha mpaka wa Kanada kwa gari. Basi mipango ikawa hiyo: Louisville hadi Columbus kwa tantini, yaani shangazi yangu, halafu Buffalo, halafu ndege.

Siku za maandalizi yale ndizo tamu kuliko zote za utoto wangu, na hilo ndilo linaloniuma. Nilimenya karanga mpaka vidole vikawa vyekundu. Koko alizikaanga, akazisaga unga, nyumba nzima ikanukia. Alikausha lengalenga, mchicha wa kwetu, kwenye magazeti. Sambaza, vile visamaki vya ziwani, alivinunua duka la Waafrika akavianika upya, akidai waliovikausha hawakujua kazi.

Columbus, tantini alitungoja na mizani ya kupimia valizi, lile sanduku letu la safari. Alikuwa ameishi Ulaya kabla ya kuja Amerika, na hakuficha hilo. Alimwaga kila kitu sakafuni.

"Bon, Koko, sikiya. Dawa ya presha weka mu sakoshi ya mukono, hapana mu valizi. Valizi inaweza kupotea. Nguo moja ya kubadilisha pia weka mu sakoshi. Nyama na maziwa, hapana kabisa, watatupa. Samaki itapita. Na bilatu mupya acha hapa. Kule watu wanatembeaka sana, vaa bile miguu inajua."

Koko alikubali yote kwa adabu. Lakini mizani ilipokataa, tantini alishika mfuko wa sambaza na Koko akaushika upande wa pili.

"Toa sweta," Koko alisema.

"Koko, kule kungali baridi!"

"Baridi ni ya mwili tu. Huyu mutoto hajakula chakula ya mukono yangu tangu vita."

Sweta ikabaki Columbus.

Mama mkubwa alitupokea stesheni ya treni ya mji wa Lieji, Ubelgiji. Alikuwa mrembo, amevaa koti zito la kijivu, nywele fupi. Koko alimkumbatia akilia kwa sauti, watu wakageuka. Mama mkubwa alisimama mikono ikining'inia. Halafu alimgusa Koko begani, mara moja, kama unavyomgusa mgeni aliyekukanyaga kwa bahati mbaya akaomba radhi.

Nyumbani kwake kulikuwa kusafi na kimya. Koko alifungua valizi sebuleni, akatoa mfuko mmoja mmoja akiutaja. Mama mkubwa alisema asante kwa Kifaransa, akafungua dirisha. Jioni tulikula viazi na kuku. Kesho yake pia. Koko alitetemeka ndani ya kitenge chake, akasema hasikii baridi.

Siku iliyofuata mama mkubwa alinipa mfuko wa takataka niushushe chini. Ulikuwa mzito, na Koko, asiyependa kukaa bure, alishuka nami. Mbele ya mapipa alisita. Harufu ile nisingeweza kuikosea hata mimi. Alifungua fundo. Unga wa karanga, lengalenga, sambaza, vyote bado vimefungwa kama tulivyovifunga. Koko alitazama. Kisha akafunga fundo upya, vizuri, akautumbukiza mfuko pipani kwa mikono yake mwenyewe.

"Tupande," aliniambia. "Utashikwa na mafua."

Mezani hakugusa chakula. Mama mkubwa akauliza kama anaumwa.

"Kama haukupenda, ungeniambia tu, mwanangu."

Mama mkubwa aliweka uma chini. Kiswahili chake kilitoka kwa shida, kama mtu anayetembea gizani ndani ya nyumba aliyoihama.

"Mutumbwi ulijaa. Ulibeba wadogo. Uliniambia, ngoja hapa, nitarudia. Nilingoja, mama. Nilikula majani. Leo unaniletea karanga?"

"Nilirudia," Koko alisema. "Niliwaacha wadogo ng'ambo, nikarudia. Haukukuwa tena pale."

"Nani alikuona?"

Mimi nilitazama sahani yangu. Siku zilizobaki walisemezana kuhusu hali ya hewa na saa za treni tu. Siku ya kuondoka, kwenye jukwaa la stesheni, mama mkubwa alivua koti lake la kijivu, akamvika Koko na kumfunga vifungo vyote mpaka shingoni. Treni ilipokuja alikwisha geuka.

Kwenye gari, tukivuka daraja kurudi Buffalo, mjomba aliuliza kama dada yake alifurahia chakula. "Alikula yote," Koko alijibu. Columbus tantini aliuliza hilo hilo, akapewa jibu hilo hilo, akapiga makofi. Nilijifunza siku hizo jinsi mtu mzima anavyobeba aibu ya mtoto wake.

Simu za Jumapili hazikuisha. Koko aliendelea kupiga, na mara nyingi ililia tu mpaka ikakata. Alifariki kabla sijamaliza shule. Nyumba zile za Okolona zimepakwa rangi mpya na wenyewe tumetawanyika. Wadogo zangu wanamjibu mama kwa Kiingereza, na hakuna anayetwanga kitu.

Siku ya maziko mama alimpigia dada yake, akaweka simu kwa sauti ili sote tusikie. Mama mkubwa akauliza, polepole, kwa Kiswahili:

"Alirudi kweli?"

Mama alifunga macho. Alikuwa mmoja wa wadogo waliovushwa, lakini alivuka akiwa na homa kali chini ya blanketi. Anachokumbuka cha ng'ambo ile ni kiu tu.

"Sijui, dada," alisema. "Nilikuwa nimelala."