Wimbo Wenyewe Ndio Upi?

Juzi katika duka la kanda hapa Kitale, mama mmoja alitaka wimbo wa kumwingiza bintiye kanisani Jumamosi, kule Kamukuywa. Akauimba kidogo. Muuzaji akaweka kanda ya Wazungu walioutunga miaka ya themanini, kinanda kikilia kama king'ora. Mama akajaribu hatua za maharusi pale kaunta, miguu ikagongana.

"Si hiyo."

Akawekewa wimbo uleule kwa rege, kisha kwa gitaa la Kikongo. "Si hiyo!" Ulipoanza wa kwaya, akatua kikapu, mabega yakacheza hadi mlangoni.

"Hiyo sasa!"

"Lakini mama, wenyewe ni ule wa kwanza. Hawa wengine waliiga tu."

"Ati wa kwanza? Si hao walikuwa bado wanajifunza!"

Mimi, shabiki wa Wazungu hao tangu shuleni, nilikuwa nyuma yake nikingoja zamu. Nikanunua ya kwaya.