Konokono ya Mujomba Kalisti

Nikiwa mutoto, pale kando ya ziwa tulikuwa watatu: mi, Rozalia binti ya shangazi yangu, na mujomba Kalisti, kaka ya mama, dereva wa lori. Alikuwa ametoka Lindi, akinuka mazuti, mafuta ya lori, na tumbaku, na mukononi ameshika jiwe lenye konokono amejikunja ndani.

"Huyu alilala zamani sana," alisema.

Nikashtuka. Babu naye wakubwa walituambia amelala, kisha wakamuzika. Donc, basi, konokono akiamuka, babu pia ataamuka! Nikaliweka jiwe majini, nikangoja. Likageuka jeusi, likang'aa.

"Anaamuka!"

"We mujinga," Rozalia alicheka. "Jiwe ikilowa si inang'aa tu?"

Juzi mujukuu wangu Aline alinionyesha konokono kama yule kwenye simu.

"Nyogokuru, bibi yangu, hawa si konokono kweli, waliishi baharini. Ndani ya mwamba iko mustari mwembamba wa udongo. Chini yake wako wengi, juu yake hakuna. Waliisha pamoja na dinosaria. Kome walibaki."

Basi yule wa mujomba hakulala, aliisha. Lakini siku ile nililiona jiwe likisogea kidogo. Rozalia, kama nakumbuka vibaya, unisahihishe: yalikuwa mawimbi tu?