Sinia la marehemu: nilivyojifunza kuandika majina kwenye keki, Arua

Wakuu, za mchana. Mimi ni bibi, wajukuu ndio walioniingiza humu. Nimeona mtu anauliza namna ya kuandika kwenye keki bila mkono kutetemeka. Nikacheka, halafu kicheko kikakatika.

Naweka yangu kama ilivyokuwa. Asiyeamini apite salama, sina nguvu za kubishana.

Ni mji wa Arua, karibu na mpaka wa Kongo, miaka ya sabini, wanajeshi wameshika nchi. Mume wangu Yosia alikuwa dereva wa lori. Alipakia tumbaku kwenda Koboko, hakurudi.

Lori lilikutwa Kuluba, upande wa Koboko, kando ya barabara, milango wazi, tumbaku yote ipo. Yeye hayupo. Na enzi zile ukiuliza sana, na wewe unaulizwa. Tukanyamaza.

Nikawa si mke, si mjane. Kumlilia naogopa, kumngoja nimechoka.

Jirani yangu Mama Zaitun, Mnubi, akanihurumia akanifundisha kazi. Aliwahi kuoka keki kwa Mhindi mmoja, na Mhindi alipofukuzwa nchini alimwachia kopo la nozeli, vile vibati vyenye ncha vya kukamulia aising, ule urojo wa sukari laini wa kupambia keki.

Sukari ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Tuliitwanga kwenye kinu, tukaichekecha kwa kitambaa. Mwanafunzi haigusi. Nilijifunza kwa uji mzito wa muhogo, juu ya mgongo wa sinia la enameli.

Wanaojifunza, siri ni hii: usikokote ncha. Inua mkono kidogo, acha uzi wa aising uanguke wenyewe pale unapotaka.

Sasa kulikuwa na mwiko. Kwenye sinia tuliandika majina ya marehemu tu. Ya walio hai yanakaa kwenye keki.

"Sinia tunakwangua na kisu," Mama Zaitun aliniambia. "Jina ya mutu bado hai hapana kwangua."

Basi nikamaliza marehemu wote wa ukoo wetu kwa muhogo. Babu yangu nimemwandika mpaka nadhani alichoka kuitwa.

Siku moja mama mkwe akaja kwa miguu kutoka Kuluva, kijijini kwao Yosia. Kabeba mayai, na sukari aliyoipata kwa watu wa Kongo. Anataka keki ya kumpokea Yosia.

Nikamuuliza, Mama, kuna habari?

"Habari hakuna. Lakini mutu ukimuandalia, njia inafunguka. Andika jina yake. Andika wewe."

Tukaoka. Keki ikapoa, nikaipaka nyeupe. Mama mkwe akakaa kwenye mkeka mbele yangu, macho kwenye mikono yangu.

KARIBU ilitoka vizuri. Nikaanza jina, aising ikagoma.

Nikakamua zaidi, wapi. Nikavua nozeli, nikaichungulia kwenye mwanga wa mlango. Safi kabisa. Mama Zaitun akaiosha kwa maji ya moto, akachekecha aising upya. Nikarudi kwenye keki, ikagoma tena.

Sasa nozeli ikisumbua, mkono wenyewe unakimbilia sinia kujaribu. Nikalivuta, nikakamua bila kufikiri.

Ikatiririka. YOSIA. Herufi zimesimama sawasawa, sijawahi kuandika vizuri namna ile, kabla wala baada.

Hapo ndipo nilipoona nimeandika wapi.

Mama Zaitun aliona pia. Akachukua kisu, akakirudisha chini, maana kukwangua nako hakuwezekani: huenda yu hai. Nikajipa moyo kwamba mama mkwe hajui kusoma wala hajui mambo ya jikoni kwetu.

Akauliza, "Hii sinia ni ya nini?"

Mama Zaitun akajibu kwa sauti ya chini, "Ya marehemu."

Akasema taratibu, "Mimi hapana jua kusoma. Lakini mimi naangalia mukono yako. Kwa keki Yosia alikataa. Huku alikubali."

Akafungua kitenge chake, akalifunika sinia, akajitwisha. Keki aliiacha mezani na KARIBU yake. Nilimfuata nikilia, na ndiyo mara ya kwanza kulia kwa sauti tangu lori likutwe.

Tulikaa matanga Kuluva, bila mwili. Sinia likawekwa pale jeneza linapokaa. Watu walikuja kwa wingi, utadhani nao walikuwa wanangoja ruhusa.

Najua mtasema ni donge la sukari, au ni woga wangu. Huenda. Nimeandika keki maisha yangu yote, madonge nayajua, na lile sijalielewa.

Nilichojifunza ni kwamba kungoja bila kikomo kunakula mtu mzimamzima, na mama mkwe alilijua hilo kabla yangu. Yosia hakurudi mpaka leo.

Wenye nozeli zilizowahi kugoma, semeni. Na wewe uliye na mtu aliyeondoka akapotea, niambie bila haya: jina lake ungeliandika wapi?