Gari la Mjomba Hamisi

Siku moja ya mvua naikumbuka kuliko nyingine zote, Mwanangu, na picha za gari lako lililogongwa, ulizonitumia juzi, zimenirudisha huko. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita. Lori la korosho lilinigonga karibu na Naliendele, upande wa mbele kushoto. Mimi nilitoka na mchubuko wa kiwiko. Pikapu ndiyo iliyoumia.

Sikuinunua pikapu ile. Aliniachia Mjomba Hamisi alipofariki, na unajua kwetu mjomba ana uzito kama wa baba. Kule kijijini kwetu Mahurunga hakuna aliyeiita yangu. Lilikuwa gari la Hamisi, lililobeba mihogo yao, wagonjwa wao na maharusi wao.

Nililivuta mpaka mjini, mtaa wa Rahaleo, kwa Fundi Saidi, mtu mzima aliyefahamiana na mjomba. Hakushughulika na bodi iliyobonyea. Aliingia chini na uzi, akapima chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, kutoka kona moja hadi ya mkabala, kisha akapima kona mbili zilizobaki. Vipimo vilivyopaswa kulingana vilipishana vidole vinne.

“Chesisi imepinda, tena imepasuka pale kutu ilipoila,” alisema. “Tafuta gari jingine.”

“Huwezi kuinyoosha?”

“Naweza, na itapendeza. Siku ukifunga breki ghafla, itakwenda inakotaka yenyewe. Mpwa wangu, unataka gari au unataka picha ya Hamisi?”

Nilikasirika. Niliwaza nitakavyoingia kijijini na gari jingine, watu waseme nimemtupa mjomba wangu. Zaidi ya wote nilimwogopa mama, dada yake Hamisi. Basi nikaenda kwa fundi mwingine, aliyekubali kila nilichosema. Alinyoosha, akachomelea, akapaka rangi ileile ya kijani. Nilipofika Mahurunga, akina mama walipiga vigelegele. Jirani mmoja akanitania, “Hamisi karudi, na honi yake ileile ya kukoroma.” Nilicheka kuliko wote.

Mwezi uliofuata nilikuwa nampeleka mama mjini kutibiwa macho. Mbuzi akakatiza barabara. Nilifunga breki, usukani ukanikatalia, pikapu ikakata kushoto na kutuangusha kwenye mtaro. Mama alivunjika nyonga.

Alilala hospitali wiki nyingi. Nilipopata moyo wa kumweleza habari ya uzi wa Fundi Saidi, nilimwambia pia kwamba nilifanya vile kwa ajili yake.

“Kaka yangu nilimsindikiza mpaka anatolewa nyumbani kwenda kuzikwa,” alisema. “Huyo uliyekuwa unampaka rangi ni nani?”

“Mama, nilidhani utaumia.”

“Ungeniuliza.”

Hakulitaja tena. Wala hakulima tena shamba lake la mihogo. Miaka yote iliyobaki alikaa barazani akiwaelekeza wengine kwa fimbo. Ile fimbo uliyoichezea utotoni, ukidhani bibi yako anaishika kwa uzee, ilitokana na siku ile.

Sasa, Mwanangu, sikukatazi kutengeneza. Bampa hubadilishwa, mlango hunyooshwa, na gari likadumu. Lakini kwanza mpate fundi atakayeingia chini kabla ya kukutajia rangi. Akikuambia kilichobeba gari zima kimepinda, usizunguke mjini kumtafuta wa kukufurahisha. Mimi nilimpata, na nilimpata kwa urahisi sana. Na kama unaling’ang’ania kwa ajili ya mtu, muulize mtu huyo mwenyewe wakati angali anaweza kukujibu.

Mwenyezi Mungu akupe macho yanayoona chini ya rangi, akulinde barabarani, na kila utakayempakia umfikishe, ashuke kwa miguu yake.